Kiti cha Magharibi

Dada Velda mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na kuku hawajaanza tena kukususia. Mimi afya ninayo. Usingizi ndio sina, na sababu ni Duane.

Unakumbuka mume wangu alivyokuja kukuomba uniachie nusu yako ya nyumba ya marehemu baba kule magharibi ya jimbo, akidai nimeshikwa na hamu ya kwetu? Ukalia, ukatia sahihi. Mimi nilidhani ni mapenzi. Kumbe!

Akawa anakwenda huko magharibi kila Ijumaa peke yake, eti anatengeneza paa. Anarudi viatu vinang'aa. Fundi gani wa paa huyo? Mara akasajili gari huko, mara akahamishia huko na kura yake. Nikasema moyoni, hapa pana mwanamke. Nikawa nanusa mashati yake, aibu tupu.

Mwezi uliopita nikamfuata kimyakimya. Nyumba imefungwa, kitanda cha baba bado kimefunikwa nailoni. Bi Orpha, yule jirani, akaniambia Duane huja, hufungua mapazia, huwasha taa ya barazani, huwapungia watu mkono, halafu huyoo, hotelini. Nikamuuliza huwa na nani. Akacheka, akasema na mkoba wake tu.

Nilipombana, Duane alisema niache utoto. Gavana huteua bodi ya wahasibu, ile inayotoa leseni na kuzinyang'anya, na kiti kimoja lazima apewe mhasibu kama yeye, ila anayeishi magharibi. Huku mjini wanaokitaka ni utitiri. Kule ni wawili tu, na mmoja mgonjwa. Gavana alikwisha kumteua. Walibaki maseneta kumthibitisha. Akaniagiza siku ya kuhojiwa nivae gauni la buluu, nikae nyuma yake, nitabasamu.

Nikavaa. Nikatabasamu. Seneta mmoja, mkulima wa kulekule kwetu, akamuuliza taratibu maji ya kisima cha pale yakoje. Duane, ambaye ukweni alikuwa akinywa bia tu, akajibu kwamba ni matamu sana. Matamu! Yale yanayonuka mayai viza, tuliyokuwa tukiyanywa tumebana pua! Ukumbi ukaangua kicheko. Ndipo yule mzee akanigeukia mimi. "Eti mama, huwa mnalala pale?"

Velda, Duane alinitazama kwa macho yale yale aliyoniposea. Ningeweza kumwokoa kwa neno moja. Nikasema, "Hata usiku mmoja hatujalala, mheshimiwa."

Kiti amekikosa, na mimi hanisemeshi. Sijui kama ndoa itapona, na sikufichi, naumia. Lakini nusu yako nimeirudisha. Wakili atakuletea karatasi.

Nakuandikia nikiwa humu humu kwa baba. Nailoni nimeitoa kitandani, na maji bado yananuka vilevile. Njoo, dada, nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Nisalimie wote hapo, hata hao kuku.

Mdogo wako akupendaye,
Ardith