Naserian Alisema Hakuona Kitu

Kitengela, Jumatano. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi ndani ya kabati. Afadhali. Mtu akiniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu, nitasingizia vumbi.

Leo nimemshtaki mhadhiri wangu.

Alianza na jumbe za simu. Kwanza zilihusu kazi ya darasa, kisha nguo zangu, kisha akanikumbusha kwamba alama zangu ziko mikononi mwake. Wiki jana aliniita ofisini, akafunga mlango, akanishika kiuno. Naserian alikuwa akinisubiri nje. Aliponisikia nikisema niache, alisukuma mlango akaingia, akamwona bado amenishika.

Naserian ni rafiki yangu tangu mwaka wa kwanza. Tunakaa chumba kimoja hosteli. Siku hiyo alilia kabla mimi sijalia, na ndiye aliyesema turipoti.

"Hauendi peke yako, Habiba," aliniambia. "Nitasema chenye niliona."

Basi leo tukaingia pamoja katika ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Bi. Kioko, anayepokea malalamiko, alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akamgeukia Naserian.

"Mimi sikuona kitu," Naserian akasema. "Nilikuwa tu nje."

Nilimtazama. Yeye alitazama viatu vyake.

Bi. Kioko alimwomba atupishe. Nilidhani mambo yameishia hapo, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akaniambia niketi. Malalamiko ni yangu, alisema, hayahitaji ruhusa ya Naserian. Nisifute ujumbe hata mmoja. Aliandika maelezo yangu, nikayasoma kabla ya kutia sahihi, akanipa nakala. Ataomba karatasi zangu zisahihishwe na mtu mwingine uchunguzi ukiendelea. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua: ninaweza pia kwenda dawati la jinsia katika kituo cha polisi, na si lazima ningoje chuo kimalize.

Naserian alikuwa getini.

"Nielewe tu. Huyo mhadhiri amenitafutia attachment ya kujifunza kazi Kajiado, kwa ofisi za kaunti. Unajua vile nyumbani wananitegemea."

"Alijuaje kama tunaripoti?"

Akajifanya kutafuta kitu mkobani.

Nilisimama pale nikimwangalia, huku watu wakitupita. Siri hiyo tulikuwa nayo watu wawili tu.

Sikurudi hosteli. Nilikuja nyumbani, dukani kwa Hooyo, mamangu, anayeuza vitambaa. Nilimkuta akikunja vitenge. Nilikuwa nimemficha haya yote kwa sababu niliogopa ataniondoa chuoni. Leo sikuwa na mwingine wa kumwambia. Nilimweleza nikiwa nimesimama, na aliendelea kukunja kitambaa kilekile, akikikunjua na kukikunja tena.

"Huyo msichana amekula kwangu," alisema mwishowe. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na kwa nini ulimwambia yeye kabla yangu?"

"Niliogopa utanitoa chuo, Hooyo."

"Nikutoe wewe umefanya nini? Huyo mhadhiri ndiye atatoka."

Hapo ndipo nilipolia.

Ajabu ni kwamba jioni hii simuwazi sana yule mhadhiri. Yeye sikuwahi kumwamini, kwa hiyo hana alichonivunjia. Ninamuwaza Naserian. Ninamuwaza akienda kumwambia mtu huyo mpango wetu, kisha akirudi chumbani kunitakia usiku mwema. Amenitumia ujumbe na sijaufungua. Labda anaomba msamaha. Labda anataka ninyamaze.

Sitaki kujua leo.

Kesho Hooyo hafungui duka. Ameshanitolea buibui lake jipya nivae, na ameniambia tutakwenda kituoni mapema, mimi na yeye. Ninaogopa watakavyoniuliza. Lakini nimegundua kwamba nikiulizwa nani aliona, nina jibu.

Mimi niliona. Mimi nilikuwepo.