Nusu Inaua Nusu

Jumanne, Tunduma. Upepo wa baridi tangu alfajiri, vumbi la malori limeingia mpaka kwenye sufuria. Nimefagia, likarudi, nikaliacha.

Sina hasira wala huzuni. Nipo tu.

Jana yametoka majibu ya makohozi ya mdogo wangu, Ambokile. Kifua kikuu sugu. Dawa alizokuwa anameza miezi yote hii hazimfanyi kitu tena yule mdudu. Daktari anaongea, mimi naitikia "sawa, sawa" kama vile ananielekeza duka la vocha.

Asubuhi nimeingia darasani kama kawaida. Kidato cha nne, baiolojia, na mada yenyewe, jamani, uteuzi wa asili. Nimewaambia watoto vijidudu havijifunzi usugu. Kwenye kundi kubwa wapo wachache waliotofautiana kidogo na wenzao. Sumu ikija pungufu, dhaifu wanakufa, hao wachache wanabaki, wanazaana, na nyumba yote inakuwa yao. Nimefundisha vizuri kabisa. Hilo ndilo limeniogopesha.

Mchana nikaenda wodini. Barakoa, madirisha wazi, baridi. Ambo amekonda ila mdomo ni ule ule. Nikamuuliza bila kuzunguka: ulikuwa unaacha dawa?

"Siachi, dada. Nilikuwa nagawana na Jofrey."

Jofrey ni mwenzake wa shimo kule Saza, kwenye dhahabu. Naye alikuwa anakohoa, akaogopa kupima, mwenye shimo asije akamtoa kazini. Kule chini wanagawana kila kitu, ugali, maji, mwanga wa tochi. Na sisi kwetu Ileje tumelelewa hivyo hivyo, hata kiazi kimoja mnakata. Basi kila siku mdogo wangu alikuwa anatenga vidonge vyake mafungu mawili.

"Si nusu inaua nusu, dada?"

Inaua, ndiyo. Ile nusu dhaifu.

Sikumfokea. Natamani ningemfokea, angalau ningesikia kitu. Nikamuuliza, shimoni mnazuia udongo kwa gogo moja? Akacheka mpaka akakohoa. "Moja? Unataka tufe?" Wanasimamisha mengi kwa pamoja, likivunjika hili, mengine yanashika. Nikamwambia na dawa hizi mpya zimepangwa hivyo hivyo. Mdudu akiiponyoka hii, anabanwa na ile. Ukipunguza, umeng'oa gogo mwenyewe. Nadhani ameelewa.

Muuguzi akaleta dozi ya kwanza. Ambo akaimwaga kiganjani, na kidole chake, bila hata yeye kuangalia, kikaanza kutenga. Hivi huku, hivi kule.

Nikamshika mkono. "Vyote, Ambo."

Akavitazama. "Na Jofrey?"

Nikamsogezea kikombe cha maji. Akavimeza vyote, kimoja kimoja, macho chini, kama mtu anayekula kwa kujificha.

Nimeshaomba ruhusa shuleni. Kesho naenda Saza kumtafuta Jofrey, akapimwe, apate dozi yake mwenyewe, nzima. Huenda tayari anaye mdudu huyu huyu tuliyemlea kwa huruma. Huyo mwenye shimo nitaongea naye pia, sijui kwa maneno gani.

Jofrey akikataa, nitakaa juu ya shimo mpaka apande. Baridi, kwa sasa, hata siisikii.