Orodha ya Wazima

Mama Sifa,

Daftari lako ninalo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya habari za mtu yeyote. Liko mezani mbele yangu, lile la jalada la kijani, lenye majina ya watoto wa shule ya Jumapili kwa mwandiko wako wa nesi wa zamani, herufi zimesimama wima kama zinapimwa urefu. Kando ya jina la kila mtoto aliyechanjwa surua uliweka nukta ya kalamu ya bluu. Hukuiweka kwa kuamini maneno ya mama mtu. Uliiweka baada ya kuiona kadi ya kliniki kwa macho yako.

Limekaa kwenye droo yangu tangu ulipofariki, mwaka mzima na zaidi. Hilo nalo nalisema mapema, nisije nikalificha katikati ya barua.

Mjukuu wako alizaliwa salama. Msichana. Sifa amempa jina lako, Mapendo. Ana miezi kumi na mmoja, na amechukua dharau yako: akipewa uji asioutaka hauli wala halii, anakutazama tu mpaka wewe ndiye uone aibu. Saluni yenu ya barabara ya Umbilo bado ipo. Kwenye kiti chako anasuka binti wa Kirundi, mkono wake mwepesi kuliko wako, lakini hana hadithi, na wateja wanalalamika kwamba kichwa kinauma zaidi.

Sikukaa kuandika kwa sababu ya hayo. Nakuandikia kuhusu habari niliyoitoa mwaka wa Kombe la Dunia, na kuhusu ahadi niliyokupa mlangoni kwangu.

Unaijua kazi yangu. Miaka kumi na minane redioni Bukavu, kisha hapa Durban: mchana nimesimama langoni mwa bohari Clairwood nikiandika malori yanayoingia, na kila baada ya wiki mbili natoa kurasa nne za Kiswahili, fotokopi, nagawa makanisani na saluni. Sijawahi kuchapa jambo nisilolihakikisha. Watu walizoea kusema, mwandishi akiandika mvua, toa mwavuli.

Unaikumbuka pia desturi ya kanisa letu. Kila Jumapili kabla ya maombi katibu anasoma majina ya wagonjwa. Jina lako likisomwa, kabla ya Jumatatu jioni watu watakuwa wamekuja na uji na machungwa, na hakuna atakayekuuliza kama karatasi zako za ukimbizi zimeisha muda. Orodha ile haijawahi kumdanganya mtu. Ndiyo maana sikuishuku.

Jumapili ile walisomwa watoto kumi wa surua. Nilifanya kazi yangu. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikaomba kadi, nikaziona zote. Sita walikuwa wamechanjwa. Wanne hawakuwahi kuchanjwa. Nikaandika kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza: WAGONJWA WENGI WALICHANJWA. Kila tarakimu ilikuwa sahihi. Nakumbuka nilivyojivunia.

Watu walikuwa wakiingoja habari hiyo bila kujijua. Mwaka uliotangulia tulitangaziwa mafua ya nguruwe mpaka watu wakaogopa kupeana mikono, na wengi wetu tukabaki tunadunda. Kinyozi wa jirani na saluni yenu alikuwa akiwaambia wateja, "Walisema itatumaliza. Eish, mimi ninakuona uko hapa na kipara chako." Kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Yule mhudumu wa dirisha la kliniki aliyemwambia mama wa Kirundi arudi kwao akachanjiwe huko, hakuwa uvumi. Nilikuwa kwenye foleni, nilimsikia. Waliolala kanisani na mablanketi yao mwaka 2008, wageni walipofukuzwa mitaani, hawakuwa wamesahau. Mtu aliyefukuzwa dirishani hahitaji hoja nyingi ili asirudi. Mimi nilimpa moja, tena yenye hesabu.

Toleo lile liliisha siku moja. Pasta alilisoma madhabahuni. Sifa, mimba yake ikiwa changa, alilikata akalibandika kwenye kioo cha saluni, mbele ya macho yako, kwa sababu limeandikwa na rafiki wa familia.

Ulikuja Jumanne, mikono inanukia mafuta ya nywele, daftari kwapani. Hukukaa.

"Mwandishi, kule Clairwood wakikuambia malori sita yameleta mzigo umevunjika, unauliza nini?"

Nikasema nitauliza ni kati ya malori mangapi.

"Voilà. Na hawa batoto sita ni kati ya wangapi?"

Ukaweka daftari mezani. "Wenye nukta ni tisini na mmoja. Wasio na nukta ni watano. Hesabu mwenyewe. Mimi naenda, iko kichwa inaningoja saluni."

Nilihesabu ukiwa bado unafunga viatu. Kati ya tisini na mmoja waliochanjwa, waliugua sita. Kati ya watano wasiochanjwa, waliugua wanne. Nilirudia, kama mtu anayepapasa mfuko alioibiwa. Ulifika mlangoni ukageuka.

"Katibu anasoma wagonjwa. Wazima hakuna anayewasoma. Ndiyo maana hukuwaona."

Nilikuambia nitasahihisha toleo lijalo. Ulinitazama vile anavyonitazama mjukuu wako sasa, ukaniachia daftari.

Toleo lililofuata lilikuwa la Kombe. Watu walitaka kujua barabara zipi zitafungwa, na zaidi ya hayo walitaka kujua kama ni kweli kwamba wageni wakishaondoka viwanjani, sisi tutafukuzwa majumbani. Hiyo ilikuwa habari kubwa, nami niliifuata. Nilijiambia surua itangoja. Naandika haya bila kujitetea: nafasi ilikuwepo. Ukurasa wa nne niliweka ratiba ya mechi, ambayo kila mtu alikuwa nayo. Nilichokosa ni moyo wa kuandika kwamba nilikosea nikiwa na tarakimu sahihi.

Wiki ya pili ya Kombe presha ilikuangusha saluni, kitana mkononi. Matangani Sifa alinivuta kando akaniambia mlikuwa mmegombana juu ya mtoto aliye tumboni. Ulikuwa umemwambia akizaliwa, miezi tisa ikifika, apelekwe sindano. Yeye alikujibu, "Mama, mwandishi amehesabu." Alinisimulia hilo kama jambo la kunifariji, kwamba hata mbele ya mama yake alisimama na neno langu. Nilimpa pole. Sikumwambia kitu. Nilirudi nyumbani nikafunga droo.

Sasa nikupe hali ilivyo. Tangu habari yangu, watoto wapya waliofikisha miezi tisa katika kanisa letu, waliozaliwa hapa na waliofika kutoka kwetu, ni thelathini na wanane. Nimeona kadi zao isipokuwa mbili. Wenye sindano ya surua ni kumi na mmoja. Ulipokuwa hai wasio na nukta walikuwa watano na ulikuwa hulali. Leo hawa wapya peke yao ni ishirini na watano, wanacheza kwenye mkeka mmoja nyuma ya kanisa, na kioo cha saluni bado kina gazeti langu. Limekuwa la njano, lakini linasomeka.

Hesabu hiyo niliifanya wiki hii tu. Kilichonisukuma kufungua droo ni sauti ya katibu. Jumapili iliyopita, baada ya majina ya wazee, alisoma watoto wawili wa surua, ndugu, wa ghorofa ile karibu na kituo cha mafuta. Wote wawili Jumapili iliyotangulia walikuwa kwenye mkeka, wakikohoa. Mapendo alikuwa amekaa katikati yao. Nilimwona mwenyewe, nilimpa biskuti.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu, nikachukua daftari, nikarudi kabla ibada haijaisha. Nilimwomba Pasta dakika mbili. Nilisema: mwaka jana niliwasomea wagonjwa peke yao, leo nawasomea na wazima. Nikatoa hesabu yako, tisini na mmoja, watano, sita, wanne. Nikasema ni ya Mama Sifa, na kwamba mimi nilikaa nayo.

Kisha kinyozi, akiwa safu ya nyuma, akasema kwa sauti ya kutosha, "Papa mwandishi, mwaka jana ulitupa namba, leo unatupa ingine. Ya mwaka kesho ni ngapi, tuchukue zote pamoja?" Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Walicheka kama watu walioponea chupuchupu kuogopa. Pasta naye alitabasamu, akafunga kwa maombi.

Akina mama wanne walinifuata nje na kuuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi. Wanne. Sifa hakuwa mmoja wao.

Jumatatu nilikwenda saluni. Sifa alikuwa anasuka, mtoto amelala kwenye kapu la taulo. Hakuacha kusuka.

"Papa, ni wewe ulituambia."

"Ni mimi."

"Nilimbishia mama mpaka akafa. Kwa karatasi yako."

Mteja aliyekuwa kwenye kiti aliinamisha kichwa zaidi ya ilivyohitajika. Nilibandua gazeti kwenye kioo. Gundi ilibaki, pembe nne. Nikasema kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa mlangoni kwake, tutakwenda wote kliniki, na dirishani nitasimama mimi.

Alikuwa tayari nilipofika, mtoto mgongoni. Tukapanda taxi. Iliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, akaniuliza, akitazama nje, "Mama alikuwa na hakika?" Nikamwambia hakuwa mtu wa hakika. Alikuwa mtu wa kuhesabu wote.

Dirishani hapakuwa na matusi siku hiyo. Ndani, nesi mtu mzima, mnene, mwenye haraka, aliniuliza mtoto alikaa na wagonjwa lini. Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole juu ya meza, siku tisa, na akaacha kidole cha mwisho pale pale. Alisema sindano ingeweza kuuwahi ugonjwa kama tungefika ndani ya siku tatu. Sasa itamsaidia kwa siku za mbele. Kwa hizi, tungoje. Akamchoma. Mapendo hakulia. Alimtazama nesi mpaka nesi akacheka. Tuliambiwa asiende kanisani, tuangalie homa, macho, kisha nyuma ya masikio.

Hiyo ilikuwa juzi. Leo ni Alhamisi, siku ya kumi na moja tangu mkeka. Jana jioni nilipopita, macho yake yalikuwa mekundu. Sifa anasema ni dawa za saluni. Leo mchana ana homa na pua inatiririka. Sifa anasema ni meno. Nimemwambia kesho alfajiri tunarudi kliniki, na amekubali bila kubisha. Kutobisha kwake kumeniogopesha kuliko homa.

Na liko jambo lililonikalisha mezani. Leo binti wa Kirundi ameniambia maneno yanayozunguka saluni. Wanasema: mtoto wa Sifa alikuwa mzima, mwandishi akampeleka sindano Jumanne, Alhamisi anaugua. Wale mama wanne walioniuliza saa za kliniki, wawili wamesema watangoja kwanza waone. Jumapili katibu akimsoma Mapendo, atakuwa kwenye orodha ya wagonjwa, na mtu akiomba kadi ataiona sindano. Atahesabiwa kati ya waliochanjwa wakaugua. Tarakimu itakuwa sahihi. Mtu mwingine ataandika ukurasa wa kwanza, au hataandika, atasema tu kwenye kiti cha kinyozi, nayo itatosha.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Chini kabisa, baada ya mtoto wa mwisho uliyemwandika wewe, nimeandika jina lake, Mapendo. Sijaweka nukta peke yake. Nimeandika siku aliyokaa mkekani, na mbele yake siku ya sindano, siku tisa katikati. Nimeandika leo, nikiwa sijui kesho itakuwaje. Hakuna atakayesema niliandika baada ya kuona.

Ukurasa wa kwanza wa toleo la Jumapili nimeshaupanga. Herufi ni kubwa kama zile za kwanza. Unasema nilikosea, unasema namna gani, na chini yake kuna majina yote ya daftari lako, wenye nukta na wasio nayo, wagonjwa na wazima. Kinachobaki ni kuwaomba wazazi ruhusa, nyumba kwa nyumba, kama nilivyoomba kadi. Nimemwomba katibu anikabidhi kipaza sauti kabla hajasoma wagonjwa wake. Amesema wazima ni wengi, ibada itachelewa. Nimemwambia itachelewa.

Lala, Mama Sifa. Sikuombi unisamehe, hilo ni la Sifa, naye hajaamua. Nakuahidi kazi tu: nitasoma jina kwa jina mpaka la mwisho, na la mwisho ni lako. Nitalisoma nikiwa na habari yoyote itakayokuwa imefika asubuhi hiyo. Kalamu yako ya bluu bado inaandika.

Mwandishi