Picha Yako Kitabuni

Katoro, Geita

Baba, shikamoo. Mgongo umekuachia sasa? Na dengu za Mama zimeota, au mvua imewadanganya tena? Mimi mwili ni mzima, ila nimechefuka hadi ugali unanishinda.

Unakumbuka nilipokuja likizo nikakuomba unionyeshe unavyosali asubuhi. Nilikwambia chuo chetu cha Biblia kinaandika kitabu kipya cha walimu wa dini, na safari hii wanataka mawazo ya Wasukuma yawemo, tena kwa heshima. Ukasita. "Ng'wanone, mwanangu, hawatatucheka?" Nikakuapia. Ndipo ukachota maji, ukayapuliza kwa mdomo kuelekea jua linakotoka, ukamtaja Liwelelo Muumba kwanza, kisha mababu, nami nikakupiga picha kwa simu.

Kitabu kimetoka. Maneno yako yamo yote, lakini wameyatia kwenye sura ya ushirikina, pamoja na ramli na mauaji ya vikongwe wanaosingiziwa uchawi! Wewe, uliyemficha bibi wa jirani chumbani mwako walipomjia na mapanga! Chini ya picha yako wameandika, "Mtu aliye gizani." Nilikwenda kwa mkuu wa chuo. Akatabasamu. "Mwalimu, si mlitaka wenyeji wawemo? Wamo." Naye ni Msukuma kama sisi, kalelewa kwa maziwa ya ng'ombe wa baba yake. Nilitamani kutema mate pale pale kwenye zulia lake.

Ila uozo mkubwa ni wangu. Jana ilinibidi nifundishe sura hiyo. Mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, akainua kitabu akauliza, "Mwalimu, mbona wewe na huyu mzee mmefanana hivi?" Darasa zima likacheka. Nikasema, "Simjui." Nilikukana, Baba, kwa kuogopa kibarua kuota nyasi. Tangu hapo najionea kinyaa, hata kioo sikitazami.

Kesho nitaingia darasani niwaambie kwamba wewe ni baba yangu, na kwamba kumshukuru Mungu kabla sijala nilijifunza kwako, si chuoni. Wakinifukuza, nitakuja tulime.

Nisalimie Mama, shangazi yetu mwuza mchele, na shemeji fundi baiskeli. Dada anayekusomea barua hii namwomba asinionee huruma. Asiruke mstari hata mmoja, akifika pale niliposema simjui asome mara mbili.

Mwanao, kama bado unakubali,
Masanja