Mikono Yote ya Kushoto

Kwako Kasuku, mdogo wangu wa pekee,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana ukisoma umesimama utaunguza kitu jikoni kisha useme ni mimi. Goti lako la kulia linasemaje siku hizi? Na lile jino ulilokataa kung'olewa, bado mnaishi pamoja? Mimi kaka yako ni mzima kwa kiasi cha mzee wa miaka sitini na tisa: nakula, nakohoa, naamka kabla ya jogoo wa jirani na kumlaumu kwa uvivu. Nywele zangu zimebaki chache, naweza kuziita moja moja kwa majina.

Usishangae herufi zangu kuwa kubwa kama za kibao cha dukani, wala mistari mingine kupanda juu na mingine kuteremka. Utasema kalamu mbovu. Haya, kwa sasa sema kalamu. Mwalimu wetu wa darasa la nne, ambalo kwangu lilikuwa chuo kikuu, alitufundisha kwamba baada ya salamu barua itaje madhumuni yake. Madhumuni ninayo, ila yana aibu, yamejificha huko mbele. Yatatoka yenyewe tukishazoeana.

Barua yako niliipata. Uliniuliza kama nitaendelea na kazi au nitaacha, na kama kawaida yako tangu utotoni ukajijibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Ulisema nisiache. Ulisema meneja amenipa hiari, nibaki mezani mpaka mwisho wa mwaka au niagwe sasa hivi kwa heshima zote, na kwamba mwenye akili habanduki mahali anapoheshimiwa. Ukaongeza kwamba nikiondoka wakati huu watu watasema nimekimbia aibu ya mwanao, kwa hiyo ni lazima nibaki nisafishe jina alilolichafua yeye. Hapo kalamu yako ilikandamiza karatasi mpaka ikaitoboa. Nimelipapasa hilo tundu kwa kidole mara nyingi kuliko unavyodhani.

Ngoja kwanza nikueleze meza yangu, kwa sababu miaka yote hii hujawahi kuiona. Ni ndefu, hatua kumi na mbili toka mwanzo hadi mwisho, na ndiyo inayolisha karakana nzima. Kitambaa hutandikwa hapo, kikachorwa kwa chaki, kikakatwa, ndipo akina mama wa cherehani wapate cha kushona. Pale ninaposimama, ukingo wa mbao umeliwa ukaingia ndani kidogo. Wenzangu husema ni tumbo langu. Mimi nasema ni miaka arobaini na mmoja. Cherehani ya tatu kutoka dirishani ndiyo aliyokuwa akiikalia wifi yako. Sasa anaikalia mama mmoja mnene, mpole, anayepiga miayo mpaka mimi nasikia usingizi. Lakini mashine yenyewe ina mlio wake, inakohoa kidogo kila inapofika kwenye kona ya nguo. Mara nyingine nikiwa nimeinama, nikiisikia ikikohoa, nasahau kwamba miaka sita imepita tangu tumzike, nataka kugeuka nimwambie wifi yako akusanye vitu vyake twende nyumbani. Nyumbani kwenyewe, Kasuku, kikombe nakikuta jioni pale pale nilipokiacha asubuhi. Hakuna wa kukisogeza. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama nitaacha kazi, ananiuliza swali refu kuliko anavyojua.

Sasa tuje kwa mwanao.

Unajua mimi ndiye niliyemleta pale, miaka minne iliyopita, baada ya wewe kunisumbua kwa barua tatu na kilio kimoja cha simu. Nilizoea kumwita Mpwa, na karakana nzima ikamwita Mpwa, hata meneja, hata msimamizi wetu tunayemwita Bi Saa kwa vile huitazama saa yake kuliko anavyowatazama watu. Kazi ya Mpwa ilikuwa kunitandikia kitambaa na kuhakiki mchoro kabla sijakata. Kila mzigo una kadi yake, na anayehakiki ndiye anayetia saini chini ya kadi. Saini yake ni nzuri, ina mkia. Hiyo shule uliyomlipia haikupotea bure.

Halafu yakaja yale mashati ya wanafunzi, mia moja na ishirini, ya rangi ya samawati. Mkono wa shati, mdogo wangu, una kulia na kushoto kama kiatu. Kigezo chake cha kadibodi ni kimoja tu. Unakichora kikitazama huku, kisha unakigeuza chali, unachora tena. Usipogeuza, unapata mikono ya upande mmoja. Basi akina mama walipoanza kuunganisha, wakakuta mikono mia mbili na arobaini, yote ya kushoto. Mmoja wao alijaribu shati moja, mkono wa kulia ukajisokota nyuma kama mtu anayeomba kitu kwa kificho, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bi Saa hakucheka. Alichukua kadi akaenda kwa meneja.

Meneja alikuja mezani akauliza ni kazi ya nani. Mpwa akajibu kwamba ni yake, kwamba siku ile alikuwa na mawazo mengi, kwamba hana la kujitetea. Akafukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza mbele yangu, akasema, "Mjomba, kaa salama."

Na wewe ulipopata habari ukamwambia asikanyage kwako, yeye na mjukuu wako, mpaka kwanza aje apige magoti aniombe mimi msamaha. Leo ni wiki ya kumi na moja. Hajaja kupiga magoti, na wewe mlango hujaufungua. Umeniandikia kwamba ana kiburi kama cha marehemu baba yake.

Kaa vizuri sasa. Madhumuni yamefika.

Mimi sioni, Kasuku. Sijapofuka kabisa, nikitazama kitu naona kingo zake, katikati kuna ukungu. Wewe ukisimama mbele yangu leo nitaona masikio yako, uso nitaukumbuka tu. Daktari ameniambia jicho moja limeshafunga duka na la pili linafagia. Ni zaidi ya miaka miwili. Barua yako sikuisoma. Nilisomewa na jirani, na alipofika pale ulipomtukana mwanao alisita, akaniuliza kama aendelee. Hii nayo naiandikia ndani ya kidirisha nilichokata kwenye kadibodi ya kigezo, nakisogeza chini mstari hadi mstari, na kikiteleza ndipo maneno yanapopanda mlima.

Aliyegundua ni Mpwa peke yake. Siku moja nilichora mkono wote wa shati juu ya meza, kitambaa kiko pembeni. Alifuta chaki kwa kiganja, akakisogeza kitambaa mahali pake. Toka siku hiyo yeye ndiye aliyechora, mimi nikashika mkasi kwa ajili ya sura. Nikikata, alisimama ubavuni kwangu akagonga meza kwa kidole. Mara moja, niende mbele. Mara mbili, geuza. Watu walidhani ana tabia ya kugongagonga. Kwa miaka miwili watu wamesifu mkono wangu, na mimi nikapokea sifa hizo bila hata kupepesa hayo macho mabovu.

Siku ya mashati, mjukuu wako alikuwa na homa, Mpwa akampeleka hospitali. Aliniomba nimngojee. Alisema hata ikifika alasiri nimngojee tu. Bi Saa akapita na saa yake, akauliza kwa nini meza imelala, na akina mama wakaanza kunitania kwamba fundi hawezi kukata mpaka ashikwe mkono na mpwa wake. Walikuwa wanatania tu, kama mimi ninavyowatania wao kila siku. Lakini utani ule ulinichoma, na nikakata. Nilichora peke yangu, chaki ambayo sikuiona juu ya kitambaa nilichokiona kingo zake tu. Nilidhani nimegeuza kigezo. Mpwa aliporudi, mizigo ilikuwa imeshafungwa. Aliniuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikamwambia nilianza kazi hii kabla hajazaliwa. Akatia saini.

Hilo ni kosa, na kosa hutokea. Lililo baya ni hili. Alipokwisha kusema kwamba ni yeye, meneja alinigeukia. Aliniuliza kwa adabu, ili kuhakikisha tu, kama huo ni mkono wangu. Mwanao alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu. Nilimsikia akivuta pumzi. Nami nikasema, "Mkono wangu haukati hivyo."

Maneno manne. Nimeyabeba wiki kumi na moja.

Nilimfuata anakofanya kazi sasa, anafua mashuka ya nyumba ya wageni nyuma ya stendi. Nilimwambia nitakwenda kusema kweli. Alinikatalia. Alisema yeye ana macho, atapata kazi nyingine, lakini mimi nikitolewa pale mezani sitamaliza mwaka. Nikamkumbusha habari ya mlango wako. Akakamua shuka, akasema mama atapoa. Mikono yake imechanika kwa sabuni, nilipoishika ndipo nilipojua. Nikarudi zangu, Kasuku. Nikarudi kazini nikafanya tena wiki tatu, nikisingizia mgongo ili nisishike mkasi, nikipanga mizigo na kupiga porojo, nikisubiri meneja aniletee msaidizi mpya.

Kisha ikaja barua yako ya kunishauri nibaki nisafishe jina. Jirani alipomaliza kuisoma nilimwomba airudie, nikidhani labda mara ya pili itasema kitu kingine.

Jana nilikwenda kwa meneja nikamwambia yote. Akacheka! Unanijua. Mimi ndiye niliyemshonea mikono ya koti lake ikaziba, kwa mzaha, wiki yake ya kwanza kazini, mimi ndiye huwaambia wageni kwamba karakana ni yangu na yeye ni mkwe wangu. Alinipiga bega akasema moyo wa mjomba ni mzuri, lakini hawezi kumrudisha mtu kwa sababu ya huruma ya mzee. Basi miaka yote ya kudanganya kwa mzaha imenilipa: siku nimesema kweli nikaambiwa nina vichekesho. Nikamwomba kipande cha kitambaa, nikamwomba na Bi Saa aje.

Walizunguka meza. Nilikusudia kukosea, ili waone. Lakini nilipoinama nikashika mkasi, mdogo wangu, nilitamani kupatia. Nilijitahidi kwa roho yangu yote nikate sawasawa, mkono wa kulia na wa kushoto, mara ya mwisho, na wifi yako pale dirishani anasikia. Nikausikia mkasi ukitoka kwenye kitambaa ukikata hewa. Hakuna aliyecheka. Hata cherehani ya tatu ilinyamaza. Bi Saa aliuchukua mkasi mkononi mwangu polepole, akanivutia kiti, na naapa hakuitazama saa.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba nimeacha. Sikuagwa, nimetoka tu. Meneja amesema nafasi ya Mpwa ipo, na safari hii atakuwa mkataji mwenyewe, si wa kugonga meza. Sijui kama atakubali. Nilipomwambia jana jioni aliuliza jambo moja, kama wewe umeshaambiwa. Nikasema nakuandikia. Akanilaumu kwamba nitakuumiza, halafu akalia, na mimi nikawa sina hata neno moja la kuchekesha.

Ndani ya bahasha nimekutilia vile vipande viwili nilivyokata. Vipange mezani uvitazame, uone kazi ya mikono ya kaka yako. Ule msamaha uliotaka aje aniombe, mimi ndiye ninayemdai... unaona, hata hapa nimekosea kuandika. Mimi ndiye ninayedaiwa. Nimeshamwomba yeye, sasa nakuomba wewe, kwa kuwa ulimfungia mtoto nje kwa ajili yangu, na mimi nikakuacha ufanye hivyo.

Msalimie mwenye duka aliye jirani yako, na yule mama wa kanisani anayeniulizia, mwambie nimezeeka ghafla asipoteze muda. Lichunge goti. Jino ling'oe.

Mwanao atakuja Jumamosi na mtoto. Nimemlazimisha. Atasimama hapo nje kwa woga, hatakuita jina, atagonga tu kwa kidole, namjua. Atagonga mara mbili. Nimeshakueleza maana yake.

Ndimi kaka yako,
aliyekuwa mkata vitambaa.