Supu ya Uyoga Uliyoikana

Kwa Mzee Naftali,
Misigiri, Iramba,
Singida.
14 Aprili, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Selina,

Marahaba, ingawa shikamoo yenyewe hukuiweka kwenye ujumbe wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dodoma, wewe na shemeji Emilian na watoto. Kifua cha shemeji kimepona? Vumbi la huko halina huruma, mwambie ajifunike. Sisi hapa hatujambo. Naftali mguu bado unamsumbua asubuhi, lakini shamba haliachi. Mimi mwili ni mzima. Habari ya moyo nitakueleza huko mbele.

Mvua mwaka huu hazikutunyima. Alizeti imesimama, mtama unaelekea kuiva na ndege tayari wanatusumbua. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, kwa hiyo maziwa yapo. Mchungaji wetu amehamishwa, amekuja mwingine kijana, anahubiri mpaka watu wanasahau kuwa wana njaa.

Nimeamua kuandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungeniambia mtandao unakatakata, halafu ungekata wewe mwenyewe. Barua haikatiki. Tafuta kiti ukae.

Nataka tuzungumzie ile supu.

Unajua nilivyoihangaikia. Nilipoambiwa wazazi wa Calist, mchumba wa Rebeka wetu, wanakuja kujitambulisha, nilisema hawa ni watu wa mjini, kuku wamemchoka. Nitawapikia supu ya uyoga, nzito, ya maziwa, kama ile uliyonionyesha wewe kwenye simu Krismasi, ukasema hotelini huko watu wanaiagiza kwa kujidai. Nikakwambia, kama wao wanatumia uyoga wa kopo wa aina moja, mimi nitaweka aina nne. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukasema, "Dada, utawamaliza."

Ule mkubwa wa kwenye kichuguu tuliuchuma pamoja alfajiri ya siku yenyewe, mimi na wewe, nyuma ya shamba la marehemu mama. Na ule mdogo mweupe pia, uliokuwa umetapakaa chini kama mtu amemwaga mchele. Ule wa njano alituletea Urbano, mrina asali wa Rungwa rafiki yake Naftali, ameufunga kwenye majani usivunjike. Mamama, ule wa kulimwa kwenye mifuko, niliagiza Singida mjini kwa Mama Pinky mwenye duka. Yeye ndiye aliyenifundisha kukaanga unga wa ngano kidogo kwenye siagi kabla ya kumimina maziwa, ili yasikatike.

Sikuvurumisha tu vitu kwenye sufuria, na wewe ulikuwepo. Ule wa njano ni mgumu, tuliutanguliza kuuchemsha. Mamama tuliukaanga na kitunguu mpaka maji yake yakakauka, maana bila hivyo supu inakuwa ya mgonjwa. Ule wa kichuguu mama hakutaka uguswe na kisu, unachanwa kwa mkono kufuata nyuzi zake, na aliyekuwa anauchana siku ile ni wewe, umevaa kanga yangu, unaimba. Ule mdogo ukaingia mwisho. Halafu malai niliyokuwa nimeyaengua tangu jana yake, moto wa chini, na mwiko usiotulia. Harufu ilipotoka nje Naftali alisahau mguu wake akaja mpaka mlangoni.

Sasa desturi ya nyumbani kwetu huwezi kusema umeisahau. Uyoga ukipikiwa wageni, mpishi anakula bakuli la kwanza mbele yao. La pili anakula ndugu yake wa damu aliyefundishwa uyoga huohuo. Wawili hao wakimaliza, wageni wanashika vijiko. Mama alikula la kwanza na mama mkubwa la pili miaka yote, na hakuna mgeni aliyewahi kuwauliza neno.

Nilikula langu. Nikafuta mdomo, nikakupa wewe bakuli kwa mikono miwili. Watu wote wanakutazama. Mama Calist akakuuliza, wala hakukuuliza kwa ubaya, "Selina, huu si wa porini? Wewe unaujua?"

Ukasema, "Mimi mwenzenu nimezoea wa dukani. Huu siujui."

Ukaweka kijiko. Ukalisogeza bakuli mbali na wewe kwa kidole, kana kwamba lilikuwa na nzi. Petro angalau alisubiri mpaka jogoo akakaribia kuwika. Wewe hukusubiri hata supu ipoe.

Mama Calist akaniambia kwa upole, "Basi dada, sisi tutakula wali. Tusije tukafia ukweni." Wakacheka. Na wewe ukacheka, Selina. Nilikuona meno.

Nani alinifundisha kugeuza uyoga kuangalia chini yake kabla ya kuung'oa? Nani alinishika mkono tukiwa wadogo nisichume ule mweupe wenye kikombe kwenye shina, nikiwa tayari nimeshaupenda? Mimi ndiye mkubwa, lakini jicho la uyoga mama alisema amekupa wewe. Kwa miaka yote nilikubali bila wivu. Halafu mbele ya wageni jicho hilo likapofuka.

Na bado hukuishia hapo. Wageni walipoondoka nilikwenda kuzima moto, nikakukuta jikoni umekalia kigoda, sufuria iko katikati ya magoti yako, unaikomba kwa tonge la ugali. Ukainua uso, ukaniambia, "Dada, imekolea kweli." Nilichukua ndoo nikatoka kama mtu anayekwenda kuteka maji, na mapipa yote yalikuwa yamejaa. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa naisema tu hii, sasa nimejua inauma wapi.

Kwa nini ulifanya vile nilikuja kujua baadaye, tena kwa bahati. Mama Calist alinipigia simu kunishukuru kwa mapokezi, akasema, "Kumbe mwenzangu, wewe na Selina hamkukulia pamoja, aliniambia yeye kalelewa Singida mjini kwa shangazi." Shangazi yupi, Selina? Yule wa Shelui aliyekuwa anatuuzia togwa? Yaani kwenye kwaya mnayoimba pamoja naye huko Dodoma umejitungia utoto mwingine, na ndani ya utoto huo mimi simo, mama hayumo, wala kichuguu hakimo. Mkataa kwao ni mtumwa. Sikutukani, nakwambia walichosema waliotutangulia.

Ungejua ulichokiharibu ungelala macho wazi. Arusi ya Rebeka ni Julai, na wakwe wameomba kwa adabu zote kwamba mpishi watakuja naye wao. Nimewapikia arusi watoto wa watu kutoka hapa mpaka ng'ambo ya barabara kuu, ya mwanangu nitakaa chini ya turubai nimefungiwa kitenge kizuri, naletewa sahani. Hilo ningelimeza. Lakini juzi nilipika uyoga wa kawaida tu, wa karanga, Rebeka akakaa anautazama. Akaniuliza, "Mama, kweli siku zote tulikuwa tunakula kitu tusichokijua?" Mtoto niliyembeba mgongoni nikichuma. Nikala bakuli langu nikamaliza, naye akala ugali kwa mchicha.

Nilitegemea ungenipigia kuomba radhi. Mwezi umepita. Halafu Jumatano unaingia ujumbe wako, bila shikamoo, bila "mmeamkaje": "Dada nitumie uyoga mkavu kwa basi kama kawaida, ule wa kichuguu uwe mwingi. Emilian anaulizia ile supu." Niliusoma mara ya kwanza nikafikiri umekosea namba. Nilivyousoma tena nikacheka peke yangu hadi Naftali akauliza kuna nini.

Mimi si mtu wa kuwanyima watoto wako chakula cha bibi yao. Uyoga nimeutuma. Nimeuanika mwenyewe, nimeuchambua mmoja mmoja, umekauka vizuri na hauna mchanga. Wa kichuguu ni mwingi kama ulivyotaka, wa njano nimeufunga peke yake.

Ila sikuuandika kwa jina lako. Boksi nimelituma kwa basi, kwa jina la Mama Calist. Nilimpigia kwanza, nikamwambia kuna mzigo wa mdogo wangu, naomba umtunzie, atakuja kuuchukua kwako. Akaniuliza ndani kuna nini. Nikamwambia Selina anavijua vyote, kimoja kimoja kwa jina, atakuja kukufungulia akueleze mwenyewe.

Anakusubiri. Usichelewe, mkwe si mtu wa kuwekewa mizigo.

Nisalimie shemeji Emilian na watoto, umwambie shemeji uyoga uko njiani, asikate tamaa. Naftali anakusalimu. Rebeka naye anakusalimu, kwa sauti ndogo. Mungu akulinde, akupe afya, na akupe ulimi usioonea aibu tumbo lake.

Ni mimi dada yako, ninayekujua wewe,

Evodia.