Wanga Uliotoka kwa Mama

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Goti lako linasemaje? Na ile pasi ya mkaa, bado inakutoa machozi?

Uliniuliza napika nini maabara kutwa nzima. Haya, cheka: napika wanga, kama wako wa nguo! Nauchemsha, naumimina kwenye kioo, ukikauka nabandua utando mwembamba. Tunataka ukae ndani ya betri badala ya yale majimaji yenye sumu. Betri ikichoka, utando uoze ardhini. Ukitiwa chumvi, chembe za chumvi hupenya kati ya nyuzi za wanga zikibeba umeme. Zikifika ukingoni zikakosa pa kutokea, hurundikana kama wateja wako siku ya Ijumaa. Mrundikano huo nao naupima.

Sasa sikia maajabu. Wanga wa dukani uliisha, nikachukua ule mfuko ulionifungia kwa ajili ya mashati yangu. Sikutia chumvi hata punje, na utando ukapitisha umeme! Tena unapindika, wakati ule wa dukani huvunjika kama ganda la yai. Nimerudia mara sita. Profesa amefurahi mpaka amesahau kunigombeza. Tarehe 28 nitausimulia mbele ya wataalamu, na wakiukubali naongezewa miaka miwili hapa. Mama, wanga wako una nini?

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika lakini linatembea. Wewe unakula vizuri?

Nimechelewa kujibu, wala si kazi iliyonichelewesha. Barua yako nilimsomea kila aliyeleta nguo, kichwa kikanivimba. Siku ya tatu nachanganya wanga, mkono ukaganda juu ya bakuli. Chumvi! Mimi hutia chumvi, mwanangu, vijiko vitano kila mfuko, ili wanga usinate kwenye pasi. Ndiyo siri yangu ya kazi. Hata mwenzangu ninayefua naye haijui; naitia akienda kuanika.

Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana. Naona haya, na naogopa kukuharibia. Lakini nguo ya mtu nikiiunguza, namwambia kabla hajaikunjua. Sijui ninyi wasomi mnafanyaje.

Halafu niambie: hizo chembe zilizorundikana, ukigeuza nyaya, zinarudi zilikotoka?

Mama

29 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Jana barua yako ilinikuta nimeshavaa kwenda kwa wale wataalamu. Nikasimama mbele yao nikasema: utando wangu usio na chumvi ulikuwa na chumvi, aliitia mama yangu, ni dobi. Ukumbi mzima ulicheka. Profesa hakucheka. Ile miaka miwili imewekwa kando, na nililia chooni kama mtoto.

Leo nimechukua wanga wa dukani, nikatia chumvi kwa kipimo chako. Umeme umepita, ila wako unaushinda mara mia! Na ule wa dukani bado unavunjika. Kwa hiyo si chumvi peke yake. Profesa alikuja akapima mwenyewe, akasema, "Kosa nimelisikia. Sasa nataka jibu. Muulize mama yako, akijua unabaki."

Mama, unatia nini kingine? Fikiri sana.

Na ndiyo, ukigeuza nyaya chembe zinarudi. Hilo swali lako hata wanafunzi wenzangu hawajawahi kuliuliza.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Umefanya vizuri kusema. Kama walicheka, wacha wacheke.

Nimefikiri siku mbili, maana kitu chenyewe nimekizoea hata sikihesabu. Ni glisarini, nusu kikombe kwa kila kilo. Unakumbuka mwaka ule vidole vyangu vilipopasuka, nikawa naacha damu kwenye kola za watu? Ulikuwa darasa la tano. Ukaja na kichupa ulichomwomba mwalimu wako wa sayansi, ukanipaka kidole kimoja kimoja. Nilipoona inasaidia, nikaanza kuitia kwenye wanga wenyewe, mikono iipate kila siku.

Nakisia tu, lakini kama inalainisha ngozi, huenda inalainisha na hizo nyuzi zako, chembe zikapata pa kupita. Mwulize profesa kama nimekosea.

Na umwambie kwamba siri hiyo si yangu. Uliileta wewe nyumbani. Vidole vyangu havijapasuka tena tangu siku ile.

Mama